ELDO na roketi ya Europa: pesa zilikwenda wapi, na kwa nini hakuna setilaiti hata moja iliyofika angani?

Mlipakodi:

Wakuu, naomba wenye ujuzi wanisaidie kwenye jambo moja. Mwaka 1962 nchi sita za Ulaya pamoja na Australia zilianzisha shirika la ELDO ili zitengeneze roketi ya pamoja ya kurushia setilaiti, iliyoitwa Europa. Makadirio ya mwanzo yalikuwa pauni milioni 70. Miaka kumi na moja baadaye mradi ukafutwa bila setilaiti hata moja kuingia kwenye mzingo, yaani njia ya kuizunguka dunia.

Maswali yangu ni haya. Makadirio yale yalipandaje, na nani alibeba nyongeza? Roketi yenyewe iliharibikia wapi hasa: injini, mafuta, umeme, au usimamizi? Na la tatu: miaka hiyohiyo Waitaliano walikuwa wanarusha setilaiti kutoka pwani ya Kenya bila matatizo ya namna hii, ilhali Italia nayo ilikuwa mwanachama wa ELDO. Tofauti ilikuwa nini?

Naomba majibu yenye takwimu na sababu. Jibu la "wanasiasa waliharibu" nimeshalisikia mara nyingi na halinifikishi popote.

---

Kikokotoo:

Nianze na pesa. Bila Blue Streak ELDO isingekuwepo. Lile lilikuwa kombora la Uingereza, likafutwa Aprili 1960. Lilitumia mafuta ya taa na oksijeni ya kimiminika, na oksijeni hiyo haikai kwenye tangi siku nyingi. Ni lazima ijazwe muda mfupi kabla ya kurusha, kwa hiyo adui angeweza kulipiga likiwa bado chini. Kufikia hapo serikali ya Uingereza ilikuwa imeshatumia zaidi ya pauni milioni 60. Badala ya kukubali hasara, ikazishawishi nchi nyingine kulifanya kombora hilo hatua ya kwanza ya roketi ya Ulaya, yaani kipande cha chini kinachowaka kwanza kisha kuachwa.

Kazi ikagawanywa hivi: Uingereza hatua ya kwanza, Ufaransa hatua ya pili (Coralie), Ujerumani Magharibi hatua ya tatu (Astris), Italia setilaiti za majaribio na kifuniko cha pua ya roketi, Ubelgiji kituo cha kuongoza roketi kutoka ardhini, Uholanzi mitambo ya kupokea vipimo kwa redio. Australia ilitoa uwanja wa Woomera badala ya fedha. Michango ilikuwa: Uingereza asilimia 38.79, Ufaransa 23.93, Ujerumani 22.01, Italia 9.78, Ubelgiji 2.85, Uholanzi 2.64.

Sasa soma mgawo huo kwa jicho la mhasibu. Kila serikali ilitoa zabuni kwa viwanda vyake na kuvisimamia yenyewe. Lakini gharama za nchi moja zikizidi, nyongeza iligawanywa kwa wanachama wote kwa asilimia zilezile. Chukua Ufaransa: Coralie ikizidi kwa pauni milioni 1, Paris inalipa kama 240,000 na waliobaki wanalipa 760,000, huku kazi yote ikibaki kwenye viwanda vya Ufaransa. Kwa Ujerumani na Astris ni vivyo hivyo. Mpangilio wa aina hiyo haumpi mtu yeyote sababu ya kubana matumizi, hata kama wote ni waaminifu.

Tatizo la pili lilikuwa ndani ya makadirio yenyewe. Pauni milioni 70 zilichukulia Blue Streak kuwa imekaribia kukamilika, na kwamba hatua mbili mpya zitakwenda kwa bei zilizotajwa na wenyewe. Kazi ya kuziunganisha hatua hizo haikuwa na mwenye bajeti. Safari kumi za majaribio, F1 hadi F10, ziliwekwa kwenye ratiba kana kwamba kila moja ingefanikiwa mara ya kwanza.

Shirika lilihesabu kwa uniti zake, uniti 1 ikiwa sawa na dola 1 ya Marekani. Pauni ilikuwa dola 2.80, kwa hiyo milioni 70 ni uniti milioni 196. Julai 1966 mawaziri waliweka kikomo kipya cha uniti milioni 626, yaani kama pauni milioni 224. Tuwe waadilifu hapa: sehemu ya ongezeko hilo ni kazi mpya, kwa sababu waliongeza Europa II, ya kupeleka setilaiti ya mawasiliano ya kama kilo 200 kwenye mzingo wa juu wa kilomita 36,000. Sehemu iliyobaki ni kazi ileile kwa bei mpya.

Uingereza ikagoma, na mgawo wake ukashushwa hadi asilimia 27. Ujerumani nayo ikawa 27, Ufaransa 25, Italia 12, na Ubelgiji na Uholanzi zikagawana 9 zilizobaki. Kisha Novemba 1967 pauni ikashushwa thamani hadi dola 2.40. Kila uniti 100 ambazo Uingereza ilikuwa bado haijalipa zikapanda kutoka pauni 35.7 hadi 41.7, wakati hakuna hata bolti moja iliyoongezwa kwenye roketi. Aprili 1968 London ikatangaza kwamba haitaongeza ahadi nyingine za fedha.

---

Nyaya na Vali:

Nijibu swali la pili, kwa sababu watu wengi husema "roketi ilikuwa mbovu" bila kutazama ni kipande gani kilichofeli.

Blue Streak ilirushwa mara 11 na hakuna safari hata moja iliyopotea kwa injini zake kukataa kuwaka au kulipuka. Ilikuwa na injini mbili za Rolls-Royce RZ.2. Tangi zake zilikuwa za chuma cha pua chenye unene wa kama nusu milimita, chembamba kiasi kwamba zilipaswa kubaki na presha ndani muda wote, la sivyo zingejikunja kwa uzito wake zenyewe. Wasafirishaji walilazimika kufuatilia presha hiyo njia nzima kutoka Uingereza hadi Australia.

F1 ilirushwa tarehe 5 Juni 1964. Sekunde za mwisho, mafuta yakiwa yamepungua, yalianza kusukasuka ndani ya tangi, roketi ikajizungusha, mafuta yakakimbia midomo ya mabomba na injini zikazimika sekunde chache kabla ya wakati. Kwa safari ya kwanza hayo ni matokeo mazuri. F2 (Oktoba 1964) na F3 (Machi 1965) zilikwenda sawa. F4, Mei 1966, ilikuwa na hatua za juu za bandia. Ikaharibiwa kwa amri ya ofisa usalama wa uwanja kwenye sekunde ya 136, kwa sababu mitambo ya ardhini ilionyesha kimakosa kwamba imeacha njia. Roketi ilikuwa nzima. F5, Novemba mwaka huohuo, ikafanikiwa.

Baada ya hapo ndipo hatua za nchi mbalimbali zilipoanza kufanya kazi pamoja, na matokeo yakabadilika. F6/1, Agosti 1967: Coralie haikuwaka. F6/2, Desemba 1967: Coralie haikuachana na Blue Streak. F7, Novemba 1968: Coralie ikafanya kazi vizuri, Astris ikawaka sekunde 7 kisha ikapasuka. F8, Julai 1969: Astris tena. F9, 12 Juni 1970: hatua zote tatu ziliwaka, lakini kifuniko cha pua hakikudondoka. Roketi ikabeba mzigo wa ziada hadi mwisho, kasi ikapungua, na setilaiti ya Italia haikuingia kwenye mzingo.

Ukizipanga hivyo, utaona kwamba tangu F6/1 karibu kila hitilafu ilitokea kwenye kuachana, kuwasha au kudondosha, yaani kwenye ishara ya umeme iliyotoka kipande cha nchi moja kwenda kipande cha nchi nyingine, au kwenye hatua ambayo bado haijazoea kuruka. Mwingereza alijaribu hatua yake Spadeadam, Mfaransa alijaribu yake Vernon, kila mmoja akapata cheti cha kwake, na mnyororo mzima wa umeme ukakutana Woomera.

---

Mlipakodi:

Nashukuru sana wakuu, hapa naanza kuelewa. Lakini ELDO ilikuwa na sekretarieti Paris na katibu mkuu. Kwa nini haikuchukua jukumu la hayo maungio? Na F11, iliyorushwa Kourou, uwanja ulioko Guyana ya Ufaransa, ndiyo iliyoua mradi. Nimesoma tu kwamba sababu ilikuwa "umeme tuli". Inawezekanaje umeme tuli kuangusha roketi ya tani zaidi ya 100?

---

Nyaya na Vali:

Sekretarieti ilikuwa na wahandisi lakini haikuwa na mkataba mkononi. Kiwanda cha Ujerumani kililipwa na wizara ya Ujerumani, cha Ufaransa na Paris. Mhandisi wa sekretarieti akiona waya umepita mahali pabaya, aliweza kuandika barua; hakuweza kusimamisha malipo wala kukataa kupokea kifaa.

F11 ilikuwa Europa II ya kwanza, na ilirushwa kutoka Kourou tarehe 5 Novemba 1971. Europa I iliongozwa kwa redio kutoka ardhini. Europa II ilibadilishiwa mfumo: ikawekewa kompyuta ya kuongoza ndani ya roketi yenyewe, huku juu kwenye hatua ya tatu. Kwa maneno mengine, ubongo wa roketi nzima ulihamia kwenye hatua ambayo ilikuwa imeshafeli F7 na F8.

Roketi ikipita hewani kwa kasi, msuguano na vumbi hulundika chaji kwenye ngozi yake. Hilo ni la kawaida kwa kila roketi na kila ndege. Kinga yake ni kuhakikisha vipande vyote vya nje vimeunganishwa kwa njia ya umeme, kwa vipande vifupi vya ukanda wa shaba au kwa kukwangua rangi kwenye maungio ili chuma kigusane na chuma. Chaji ikienea sawa kote hakuna cheche. Kiwango cha kijeshi cha Marekani cha wakati huo kwa kinga ya umeme tuli kilikuwa upinzani wa ohm 1 au pungufu kati ya kipande na kipande. Kupima hakuhitaji maabara: ni mita ya upinzani mdogo, mtu mmoja wa kushika ncha na mwingine wa kuandika, kabla ya kufunga na baada ya kufunga.

Kipande kisipounganishwa, hujenga volti zake peke yake, na ikifika kiwango fulani inaruka cheche. Cheche hutoa mlipuko mfupi wa mawimbi ya redio unaoingia kwenye kila waya ulio karibu. Kama waya za ishara za kompyuta zimefungwa pamoja na waya za nguvu, na ganda lake la kinga halijaunganishwa vizuri na mwili wa roketi, kompyuta huona ishara ambazo hakuna aliyezituma. Kwenye F11, takriban sekunde ya 105, kompyuta ilisimama. Roketi ikakosa mwongozo, ikalala upande dhidi ya upepo wa kasi yake yenyewe na kukatika vipande karibu na sekunde ya 150. Blue Streak ilikuwa bado inasukuma kama kawaida.

Tume ya uchunguzi ilikuta mpangilio wa umeme wa hatua ya tatu ni dhaifu sana, na kwamba usimamizi wenyewe haukuwa na mtu wa kuwajibika kwa roketi nzima. Astris ilijengwa na kampuni mbili, ERNO na Bölkow, kwa hiyo hata ndani ya hatua moja kulikuwa na mpaka.

---

Mzee wa Vitabu:

Naomba kupingana kidogo na Kikokotoo. Uingereza inalaumiwa kwa kuondoka, lakini ilikuwa inalipia kitu ambacho hatua yake imefanya kazi na za wenzake hazifanyi. Serikali yoyote ingeulizwa maswali bungeni.

---

Kikokotoo:

Hoja yako ina uzito, mzee wangu, ila angalia tarehe. Uingereza ililalamikia gharama mapema 1966, kabla Coralie haijaruka hata mara moja. Kwa hiyo sababu yake ya kwanza haikuwa kufeli kwa wenzake. Ilikwishaamini kwamba kununua roketi za Marekani ni nafuu kuliko kutengeneza. Kwa hesabu tupu ilikuwa sahihi. Ambacho hesabu hiyo haikuingiza ni masharti ya muuzaji. Ufaransa na Ujerumani ziliyaonja: setilaiti yao ya mawasiliano, Symphonie, ilikusudiwa kwenda na Europa II. Roketi ilipokufa, wakaomba Delta ya Marekani. Ikarushwa Desemba 1974 kwa sharti kwamba isitumike kibiashara, ibaki ya majaribio tu. Hasara hiyo haiko kwenye kitabu chochote cha ELDO, lakini ndiyo iliyomsukuma Mfaransa kulipa zaidi baadaye.

---

Ngomeni Kusi:

Swali la tatu naona limeachwa, nami nalipenda zaidi kuliko yote.

Mradi wa San Marco ulikuwa wa Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Mwaka 1962 Italia iliafikiana na NASA: Marekani itoe roketi aina ya Scout na mafunzo, Italia itengeneze setilaiti na kujenga uwanja. Uwanja wenyewe ni majukwaa yaliyosimama kwa miguu ya chuma baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kama nyuzi 3 kusini ya ikweta. Jukwaa la San Marco lilikuwa la kurushia. La Santa Rita lilikuwa la kuongozea, na yaliunganishwa kwa nyaya zilizopita chini ya maji.

Timu ya Kiitaliano ilijifunza kwanza Wallops, Marekani, ambako ilirusha San Marco 1 Desemba 1964. Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 ikaruka kutoka Ngomeni. Desemba 12, 1970, siku ya uhuru wa Kenya, iliruka setilaiti ya NASA ya kuchunguza miale ya eksi, na ndiyo maana ikapewa jina Uhuru. Kati ya 1967 na 1988 zilirushwa setilaiti tisa kutoka hapo, na zote tisa ziliingia kwenye mzingo. Mojawapo ilikuwa Ariel 5 ya Uingereza, Oktoba 1974: setilaiti ya Kiingereza, roketi ya Kimarekani, wafanyakazi wa Kiitaliano, bahari ya Kenya. Yaani mwaka mmoja na nusu tu baada ya Europa kufutwa.

Lakini msiifananishe moja kwa moja na Europa. Scout ilikuwa ndogo, ya hatua nne za mafuta magumu, isiyo na pampu wala vali za oksijeni, na ilibeba mzigo wa kilo mia na kitu tu. Tena Scout nayo ilifeli sana mwanzoni. Baada ya ajali ya Julai 1963, ambapo mdomo wa kutolea moto wa hatua ya kwanza ulitobolewa na joto, NASA ilisimamisha kazi, ikarudisha roketi zilizokwishatengenezwa kiwandani zifunguliwe na kukaguliwa upya, na ikaandika utaratibu mmoja wa kuziunganisha na kuzipima, uleule kwa kila uwanja. Waitaliano walipofika Ngomeni walikuta roketi ambayo makosa yake yalikuwa yameshalipiwa na mtu mwingine, na kitabu cha taratibu ambacho hawakuruhusiwa kukibadilisha. Kila bolti ilikuwa na mkaguzi na sahihi.

Gharama yake ilikuwa utegemezi: Italia ilipata ujuzi wa kurusha na wa kutengeneza setilaiti, lakini roketi ilibaki ya Mmarekani.

---

Mlipakodi:

Ngomeni Kusi, hili la taratibu moja kwa kila uwanja sikuwahi kulisikia, ahsante sana. La mwisho: walipotengeneza Ariane, roketi ya Ulaya iliyofuata, walibadilisha nini kwenye mkataba? Maana nchi ni karibu zilezile na viwanda ni vilevile.

---

Kikokotoo:

Walibadilisha mambo matatu, na yote yanagusa nani analipa na nani anaamua.

Aprili 1973 Europa II ilifutwa, wakati roketi ya F12 ilikuwa imeshafikishwa Kourou. Julai mwaka huohuo, kwenye mkutano wa Brussels, Ufaransa ilikubali kulipa zaidi ya asilimia 60 ya roketi mpya, na Ujerumani kama asilimia 20. La pili ndilo zito: Ufaransa ilikubali kwamba gharama zikizidi makadirio kwa zaidi ya asilimia 20, nyongeza ni yake peke yake. Rudi kwenye mfano wangu wa Coralie uone tofauti. Yule anayesimamia kazi ndiye sasa anayeumia ikizidi. La tatu, usimamizi wote ulikabidhiwa CNES, shirika la anga la Ufaransa, na Aérospatiale ikawa mbunifu wa viwanda kwa roketi nzima. Nchi nyingine zilipata kazi kwa viwanda vyao, lakini mikataba ilitoka mahali pamoja, na anayeitoa aliweza kukataa kifaa.

---

Nyaya na Vali:

Niongeze upande wa ufundi, kwa sababu mkataba mzuri hauzuii kufeli, unarahisisha kurekebisha. Ariane ya kwanza iliruka tarehe 24 Desemba 1979. Ya pili, 23 Mei 1980, ikapotea: moja kati ya injini nne za Viking za hatua ya kwanza ilipata mtikisiko wa uchomaji, yaani moto ndani ya chumba unapigapiga kwa kasi kubwa hadi kuharibu injini. Kasoro ilikuwa kwenye sahani yenye matundu ya kunyunyizia mafuta. Tofauti ndogo sana za matundu, ambazo jicho halizioni, zilitosha kuifanya injini moja itulie na nyingine itikisike.

Hapa hakukuwa na swali la wizara ya nani. CNES iliagiza injini zijaribiwe upya ardhini, sahani zikarekebishwa, na mafuta yenyewe ya Viking baadaye yakabadilishwa kutoka UDMH tupu (mafuta ya kimiminika ya jamii ya hidrazini) kwenda mchanganyiko wenye robo ya hidrati ya hidrazini, ambao huwaka kwa utulivu zaidi. Safari ya tatu ikaruka tarehe 19 Juni 1981, miezi kumi na tatu baada ya ajali, ikiwa imebeba Meteosat 2 ya Ulaya na APPLE ya India, na zote mbili zikafika.